Padri Martin Schmid: Aliwaachia wanakijiji fidla, na ufundi wa kuitengeneza

KATIKA shule ya msingi niliyosomea, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka mjini Gitega, kulikuwa na fidla nne zilizotundikwa ukutani ofisini kwa mwalimu mkuu. Zililetwa na wageni wawili waliokaa nasi muhula mmoja, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Siku ya kwanza walitupigia muziki uwanjani, na wazazi waliokuwa wakitoka shambani walisimama na majembe yao begani kusikiliza. Kisha wageni wale wakachagua watoto wanane, nami nikiwa mmoja wao, wakaanza kutufundisha.

Tulijifunza kushika upinde na tukaweza nyimbo mbili fupi. Muhula ulipokwisha, wageni waliagana nasi wakarudi kwao. Kamba ya kwanza ilikatika kabla ya Krismasi. Ilipofika Pasaka, hapakuwa na fidla hata moja yenye kamba zote. Mwalimu wetu alijaribu kufunga waya wa breki ya baiskeli na fidla ikapasuka kifuani. Tangu siku hiyo vyombo vile vilirudi ukutani, na kwa kadiri ninavyojua havikushuka tena.

Miaka hiyo hiyo babu yangu alikuwa akipiga inanga nyumbani. Kamba yake ilipokatika, hakungoja mgeni. Alitafuta mshipa wa ng'ombe, akausokota, akaukausha, akaupitisha katika matundu ya ubao wake, na jioni ileile akaendelea kuimba kwa sauti yake ya chini. Nilimtazama mara nyingi bila kuona ajabu yoyote.

Ndugu msomaji, mambo haya mawili nimeyakumbuka tangu niliposikia kwa mara ya kwanza kanda ya muziki wa fidla kutoka vijiji vya Chiquitos, mashariki mwa Bolivia, Amerika ya Kusini. Nilidhani ni muziki wa mji fulani wa Ulaya. Nilipoambiwa kwamba ulitunzwa kwa zaidi ya miaka 200 na wakulima wa vijijini, nilitaka kujua nani aliwafundisha na kwa nini kwao kamba hazikukatika. Hivyo ndivyo nilivyolifikia jina la Padri Martin Schmid, ambaye leo ningependa kukusimulia maisha yake.

Mtoto wa Baar

Martin Schmid alizaliwa tarehe 26 Septemba 1694 katika kijiji cha Baar, jimbo la Zug, nchini Uswisi. Alisoma katika chuo cha Wajesuiti mjini Lucerne, na mwaka 1717 akajiunga na shirika lao. Nyakati hizo Wajesuiti walikuwa wakipeleka mapadri wao pembe zote za dunia, na kijana huyo naye aliomba kutumwa mbali.

Mwaka 1726, akiwa tayari padri, aliondoka Ulaya ya kati kuelekea Hispania. Huko alingoja meli kwa muda mrefu, maana safari za makoloni hazikuwa na ratiba ya kutegemewa. Alifika Buenos Aires mwaka 1729, na kutoka hapo akasafiri nchi kavu, akipita nyika na milima, hadi alipoingia Chiquitos mwaka 1730. Kutoka nyumbani hadi kituo chake cha kazi ilimchukua miaka minne. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Chiquitos ni nchi ya joto, yenye misitu na mbuga, iliyo mashariki ya mji wa Santa Cruz. Wajesuiti walikuwa wameanzisha kijiji chao cha kwanza huko, San Javier, mwaka 1691. Kufikia siku za Schmid vijiji vilikuwa vikiongezeka, na ndani yake waliishi watu wa makabila mengi yenye lugha mbalimbali. Mapadri walichagua lugha moja kati ya hizo, Kichiquitano, ikawa lugha ya wote, na polepole watu wote wakaanza kuitwa Wachiquitano.

Hapa inafaa niseme ukweli wote. Watu wale hawakuingia vijijini kwa kupenda fidla. Kwa upande mmoja waliwindwa na wafanyabiashara wa watumwa kutoka São Paulo, Brazil. Kwa upande mwingine waliwindwa na walowezi wa Kihispania wa Santa Cruz waliotaka vibarua wa bure. Kijiji cha mapadri kilikuwa kimbilio. Lakini kimbilio hilo lilikuwa na bei yake: kengele iliyoamuru saa ya kuamka, ya sala na ya kazi, viboko kwa aliyekaidi, waganga wa jadi kupigwa marufuku, na magonjwa ya kigeni kama ndui, ambayo yaliua watu wengi kwa sababu walikaa wamesongamana. Atakayesimulia muziki wa Chiquitos bila kutaja mambo haya atakuwa amesimulia nusu.

Karakana msituni

Schmid alipewa kazi ya kukuza muziki katika vijiji hivyo. Angeweza kuagiza vyombo kutoka Ulaya, lakini meli ilichukua miezi, mkokoteni ukachukua miezi mingine, na fidla ambayo ingefika salama baada ya kuvuka bahari na mito ingekuwa ya bahati. Tena ingefika moja au mbili, na yeye alikuwa na vijiji vingi.

Kwa hiyo alifungua karakana. Katika barua alizowaandikia ndugu zake Uswisi alieleza kwamba ufundi mwingi alijifunza hukohuko, kwa kulazimika. Huko nyumbani hakuwa seremala wala mtengenezaji wa vinanda. Akawa seremala, mhunzi, mkerezaji wa mbao na mtengeneza saa. Alitumia miti ya mwerezi ya msitu ule kutengenezea fidla na fidla kubwa za besi. Alitengeneza vinanda vya kanisa vyenye mabomba, vinubi, vinanda vidogo vya nyuzi, filimbi na zumari.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba hakufanya kazi hiyo peke yake akiwa amefunga mlango. Vijana wa Kichiquitano walikuwa naye mezani. Walishika randa, walichonga shingo ya fidla, walibandika ubao wa kifua na kuusikiliza kwa kuugonga kwa kidole. Kijiji kimoja kilipopata mafundi wake, padri alihamishiwa kingine, na kazi ikaanza upya. Si muda mrefu, vijiji vya Chiquitos vilikuwa na fidla zilizozaliwa palepale, na watu waliojua kuzifungua, kuzirekebisha na kutengeneza nyingine.

Ufundishaji wake wa muziki nao ulifuata njia hiyohiyo. Vijana walifundishwa kupiga na kuimba, lakini pia walifundishwa kusoma noti na kuzinakili kwa mkono. Karatasi zilikuwa adimu na mchwa walikuwa wengi, kwa hiyo wimbo usionakiliwa tena na tena ulikuwa wimbo unaokufa. Wanakili hao walikuwa wenyeji. Kila kijiji kilikuwa na kiongozi wake wa muziki, naye pia mwenyeji, aliyewafunza watoto na kuongoza kundi la wapigaji na waimbaji ambalo liliweza kufika watu 30 au 40.

Muziki waliopiga ulitoka sehemu nyingi. Kulikuwa na kazi za Domenico Zipoli, Mjesuiti wa Kiitalia aliyekuwa mpiga kinanda mashuhuri mjini Roma kabla ya kuhamia Amerika ya Kusini, ambako alifariki mwaka 1726 bila kuiona Chiquitos. Kulikuwa na kazi za Schmid mwenyewe. Na kulikuwa na nyimbo nyingi zisizo na jina la mtunzi, baadhi zikiwa na maneno ya Kichiquitano. Sitashangaa ikiwa miongoni mwa watunzi hao wasio na jina walikuwamo vijana wa karakana.

Schmid aliwaandikia ndugu zake kwamba kwake yeye kuimba, kupiga vyombo na hata kucheza ngoma ndiyo kazi ya kimisionari yenyewe. Si vigumu kuona kwamba mtu huyu alikuwa na furaha.

Makanisa matatu

Baada ya miaka kama 15 ya fidla, wakubwa wake walimpa kazi nyingine: kujenga. Kati ya mwaka 1747 na 1749 alijenga kanisa la San Rafael. Kati ya 1749 na 1752 alijenga la San Javier. Kisha akaingia Concepción, ambako kazi ilianza mwaka 1752.

Makanisa haya hayafanani na yale ya mawe yaliyojengwa katika miji ya Wahispania. Paa linabebwa na nguzo ndefu za magogo mazima, zilizochongwa kwa mzunguko kama kamba iliyosokotwa. Kuta ni za matofali mabichi ya udongo na kazi yake ni kufunga nafasi tu. Paa linashuka mbali nje ya ukuta, likifanya baraza pana la kukinga mvua na jua. Anayejua kujenga katika nchi ya mvua kubwa ataelewa mara moja. Ni mafundi wa mbao waliojenga vile, na wengi wao walikuwa walewale waliojifunza kushika patasi kwa kuchonga fidla.

Nimeona picha za nguzo hizo, na kila nikizitazama nafikiria mikono iliyozichonga. Jina la padri tunalijua. Majina ya wale wengine hayakuandikwa, ila hapa na pale.

Amri ya mfalme

Mwaka 1767 Mfalme Carlos wa Tatu wa Hispania alitoa amri ya kuwafukuza Wajesuiti katika himaya yake yote. Sababu zilikuwa za siasa za Ulaya: hofu ya nguvu za shirika hilo, tamaa ya mali zake, na uhasama wa mawaziri. Amri ilipofika Chiquitos, askari waliwakusanya mapadri wote. Schmid alikuwa na miaka 73, na kati ya hiyo 37 alikuwa ameishi na Wachiquitano.

Safari ya kuondoka ilikuwa ngumu kuliko ile ya kuja. Wazee wale walipelekwa kupitia milima ya Andes hadi pwani ya Pasifiki, na kutoka huko kwa bahari hadi Hispania. Baadhi yao walifia njiani. Schmid alifika, akazuiliwa Hispania kwa muda pamoja na wenzake, kisha akaruhusiwa kwenda kwao. Alirudi Uswisi akiwa mzee asiye na kitu, akafariki mjini Lucerne tarehe 10 Machi 1772. Hakupata kujua yaliyotokea vijijini baada yake.

Mimi, kwa kukumbuka zile fidla nne za ukutani, niliposoma hapo nilidhani najua mwisho wa hadithi. Mwalimu ameondoka na kamba zitakatika. Nilikosea.

Miaka 200 bila mwalimu

Baada ya mapadri kuondoka, vijiji viliwekwa chini ya magavana na mapadri wengine, na wengi wao waliona huko mahali pa kuchuma. Ng'ombe waliibwa na idadi ya watu ikapungua. Hata hivyo, viongozi wa muziki walibaki, na karakana zilibaki. Mwaka 1831, miaka 64 baada ya amri ile, msafiri na mwanasayansi wa Kifaransa Alcide d'Orbigny alipita Chiquitos, akawasikia wapigaji wa vijiji hivyo na kuwasifu. Hakuna aliyekuwa kundini siku ile aliyefundishwa na Schmid mwenyewe. Walifundishwa na waliofundishwa.

Kisha yakaja mabaya zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 dunia ilianza kutamani mpira wa matairi. Wanaume wa Kichiquitano walichukuliwa kwa nguvu au kwa ulaghai wa madeni, wakapelekwa kugema utomvu katika misitu ya kaskazini, na wengi hawakurudi. Sisi wa maziwa makuu hatuhitaji kuelezwa zaidi, kwa maana jirani zetu wa Kongo walionja mpira huohuo miaka hiyohiyo. Waliobaki nyumbani waligeuzwa vibarua wa mashamba ya matajiri, na hali hiyo ilidumu hadi mapinduzi ya Bolivia ya mwaka 1952.

Katika miaka hiyo yote, makundi makubwa ya muziki yalififia. Kilichodumu ni wazee wachache wenye fidla za kuchongwa kijijini, waliopiga siku za sikukuu pamoja na ngoma na filimbi za asili ambazo mapadri hawakuweza kuzifuta. Kilichodumu pia ni masanduku ya karatasi.

Mwaka 1972 mjenzi mmoja wa Kiswisi, Hans Roth, alifika Chiquitos kukarabati makanisa ya Schmid yaliyokuwa yakianguka. Alikwenda kwa kazi fupi, akabaki huko zaidi ya miaka 25, hadi alipofariki mwaka 1999. Naye pia alifungua karakana na kuwafunza wenyeji useremala na uchongaji. Katika ukarabati huo, huko San Rafael na Santa Ana, zilipatikana kurasa zipatazo 5,500 za muziki ulioandikwa kwa mkono. Wenyeji walikuwa wamezitunza miaka yote kama mali ya kanisa lao. Wengi wao hawakuweza tena kusoma noti zile, lakini walijua kwamba kitu walichoachiwa na wazee hakitupwi.

Sehemu hii ndiyo iliyonigusa kuliko zote. Kutunza kitu unachoweza kukitumia ni rahisi. Watu hawa walitunza, wakiwa katika umaskini na utumwa wa madeni, karatasi ambazo hazikuwafaa kwa lolote isipokuwa kuwakumbusha kwamba kuna kitu waliwahi kukijua.

Fidla zarudi

Kurasa hizo ziliwekwa katika hifadhi ya nyaraka mjini Concepción, wataalamu wakazisoma na kuzichapisha. Mwaka 1990 vijiji sita vya Chiquitos, vikiwemo vitatu vyenye makanisa ya Schmid, viliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Tangu mwaka 1996 hufanyika tamasha la muziki huo kila baada ya miaka miwili, na wapigaji kutoka nchi nyingi huja kupiga ndani ya makanisa ya vijijini, wenyeji wakiwa ndio wenye nyumba. Shule za fidla za watoto zimeanzishwa katika vijiji vingi vya eneo hilo. Katika kijiji cha Urubichá, cha jirani zao Waguarayo, watoto hujifunza kupiga fidla, na mafundi wa hapohapo huzichonga.

Si kwamba kila kitu kimekuwa kizuri. Wachiquitano bado wanadai ardhi yao, na lugha yao inazungumzwa na watu wachache zaidi kila kizazi. Fidla haijawaondolea shida hizo. Lakini mtoto wa kijijini anayepiga wimbo ulionakiliwa na mkono wa babu wa babu yake hapigi kitu cha kuazima.

Funzo langu

Nimekwisha kusema kwamba Schmid alikuwa mtu wa mfumo uliokuwa na viboko ndani yake. Sitaki kumfanya malaika. Aliamini kwamba muziki wa Ulaya ndio ulio bora, na sioni popote kwamba aliketi miguuni pa mpiga filimbi wa Kichiquitano kujifunza kwake, jinsi ambavyo wageni wale wawili hawakuuliza kamwe kama kijijini kwetu kuna mpiga inanga.

Lakini katika jambo moja aliwazidi mbali wafadhili wengi niliowaona tangu utoto wangu. Wanaleta vyombo, wanapiga picha, wanaondoka. Yeye aliacha randa, patasi, na mtu anayejua kuzitumia. Alifundisha kana kwamba alijua siku moja ataondolewa usiku bila kuaga.

Siku hizi nasikia mara kwa mara habari za watu wema wanaopeleka fidla na magitaa katika shule za vijijini hapa kwetu na kwa majirani zetu. Nafurahi, na sitaki wavunjwe moyo. Ninawaomba tu, kabla ya kufungua masanduku, waulize kwanza maswali mawili. Nani kijijini hapa anajua kuchonga? Na kamba ikikatika Desemba, itatoka wapi?

Babu yangu alifariki mwaka 1988. Inanga yake ninayo mimi, mjini, juu ya kabati. Kamba yake ilikatika zamani, nami sijui kusokota nyingine, kwa sababu jioni zile alipokuwa akisokota mimi nilikuwa nikitazama tu. Sikuwahi kumwomba anifundishe. Mwezi ujao ninakwenda kijijini, na nimeambiwa kwamba upande wa pili wa kilima yupo mzee mmoja ambaye bado anajua.